Nani Atamzika Mgeni?

Ndugu msomaji, mtu akifariki dunia katika kijiji alichozaliwa, hakuna aulizaye ni nani atakayemzika. Swali hilo ni la mjini. Huzuka katika nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja uani, ambamo mpangaji wa kwanza ametoka Kasulu, wa pili Songea, wa tatu alizaliwa katika kambi ya shamba la mkonge na baba aliyetoka Burundi, na mwenye nyumba ni Mdigo. Siku moja mlango wa chumba cha tatu haufunguki. Majirani wanabisha hodi, hatimaye wanausukuma. Wamekaa na marehemu miaka kumi. Wanajua kwamba alipenda kahawa na kwamba hakuwa mgomvi. Lakini kwao ni wapi? Ndugu yake ni nani? Simu yake ipo juu ya meza, imefungwa kwa namba ya siri aliyokwenda nayo.

Mabawa ina wakazi wengi wa namna hiyo, kama ilivyo mitaa mingine ya wafanyakazi hapa Tanga. Leo nataka tuzungumze juu ya mlango mmoja ambao wageni wengi kutoka bara wameugonga katika mji huu: mlango wa kanisa. Sitahubiri. Safu hii si mimbari, na wasomaji wake ni wa dini zote na wasio na dini. Nataka tulitazame kanisa kama tunavyomtazama mjomba au shangazi: linamfaa nini mtu aliyeachana na wa damu yake, na ni wapi linapomwangusha.

Tuanze kwa kumpa mwenyeji haki yake. Mwislamu afikaye Tanga bila ndugu hakosi watu. Kumwosha maiti, kumvika sanda, kumsalia na kumzika ni faradhi iliyo juu ya Waislamu wote wa mahali pale. Wakitokea wa kuitimiza, wengine husalimika, na asipotokea hata mmoja wote hupata dhambi. Kwa hiyo jeneza hutolewa msikitini, na watu ambao hawakupata kumwona marehemu akiwa hai hupokezana kulibeba mabegani hadi makaburini, aghalabu siku ile ile. Hakuna adaiye kadi. Tena palikuwapo utani. Wanyamwezi waliozipita njia hizi na mizigo ya misafara walifungana utani na Wazigua, na mtani alikuwa na kazi yake msibani, ingawa kazi hiyo ilichanganyika na mizaha iliyowashangaza wasiojua mila. Pwani hii, basi, ilijua kumzika mgeni kabla kanisa la kwanza halijajengwa.

Ila Mkristo wa bara alikuja baadaye na kwa njia nyingine. Aliletwa na mkonge.

Mmea wenyewe nao ni mgeni. Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliuagiza kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893, na ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na michache hiyo yakaja mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe, hata Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Wenyeji walikuwa na minazi yao na mihogo yao, wala hawakuona sababu ya kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Ikabidi watu watafutwe mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wabena wa Njombe, Wamakonde na Wamakua wa Msumbiji, Warundi na Wanyarwanda. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Kazi ilihesabiwa katika kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo mtu hakumaliza kazi yake haikuingia katika hesabu.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya ujamaa, alitukumbusha ule msemo wa wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa mkonge alipewa kisu cha kukatia siku ya kwanza. Zile siku mbili za kukaribishwa hakuzipata.

Wengi wao walikuwa wamebatizwa makwao, kwa Wabenediktini wa Peramiho au kwa Mapadre Weupe wa nchi za maziwa. Hapa pwani waliyakuta makanisa. Wamisionari wa Kilutheri walikuwa wamefika Tanga mwaka 1890, na Waanglikana wa Magila, kule Bonde, walikuwa na mizizi ya tangu miaka ya 1860. Kwa upande wa Wakatoliki, mapadre wa Shirika la Rosmini walifika mwaka 1945, na Tanga ikawa jimbo kamili mwaka 1958. Linganisha tarehe hizo na ile ya SILABU, ndugu msomaji. Kwa maoni yangu, Ukatoliki wa tambarare hii ulijazwa na wageni kuliko wenyeji, na yule katekista aliyesalisha kambini siku za Jumapili, wakati padre alipokuwa mbali, mara nyingi alikuwa kibarua mwenzao aliyejua kusoma.

Sasa, katika shamba mtu alikuwa na namba ndani ya kipande. Kanisani pia palikuwa na namba, namba ya ubatizo, lakini hizi zilikuwa namba za aina mbili. Ya kipande ilikwisha kazi siku kadi ilipojaa. Ya ubatizo iliandikwa kitabuni pamoja na jina la mtoto, la baba, la mama na la msimamizi, na kitabu kikafungiwa kabatini parokiani. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kufika katikati ya miaka ya 1990 mazao hayakufika hata sehemu ya tano ya kiasi hicho. Mashamba yakageuka vichaka, na mzaliwa wa kambi akahamia mjini bila karatasi yoyote ya kueleza yeye ni nani. Vitabu vya ubatizo vilibaki. Hata leo cheti cha ubatizo ni miongoni mwa vielelezo vinavyopokelewa na RITA kwa mtu anayeomba cheti cha kuzaliwa akiwa mtu mzima. Mjukuu wa manamba humthibitisha babu yake kwa mwandiko wa padre.

Kitabu hicho kimefanya kazi nyingine ambayo wazazi wenye mabinti wataithamini. Mvulana wa nyumba jirani akija kuposa, familia huuliza: wazazi wake tunawajua? Ana tabia gani? Lakini kijana aliyeshuka garini kutoka Kigoma mwaka jana, ataulizwa wapi? Ana mke aliyemwacha nyuma? Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, ndoa ikifungwa Tanga, habari hupelekwa katika parokia aliyobatizwa mtu ili iandikwe pembeni ya jina lake. Kwa hiyo kabla ya ndoa padre hudai cheti kipya kutoka huko alikobatizwa, na matangazo husomwa kanisani ili mwenye pingamizi aseme. Najua vijana huulalamikia utaratibu huo, hasa cheti kikichelewa miezi. Mimi nauona kuwa ndio mjomba ambaye kijana huyo hakuja naye: mtu wa kusema mbele ya wakwe, huyu namjua, hajaoa.

Na msimamizi wa ubatizo je? Wengi siku hizi humchukua kama mtu wa kushika mshumaa na kupigwa picha. Zamani jambo hili lilikuwa zito kiasi kwamba sheria ya kanisa ya mwaka 1917 ilimkataza msimamizi kumwoa aliyemsimamia, kama vile sheria zetu zimkatazavyo mtu kumwoa mtoto wa ndugu yake. Sheria mpya ya mwaka 1983 iliondoa kizuizi hicho. Lakini tazama maana yake: kanisa liliuhesabu undugu wa maji kuwa undugu kweli, wenye miiko yake. Mtoto wa Mrundi aliyesimamiwa na Mngoni kambini alipata baba wa pili wa kabila jingine, na watoto wa pande zote mbili waliitana kaka na dada.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwaka 1864, kule Unguja, Askofu Tozer wa misheni ya Vyuo Vikuu alipokea wavulana watano waliookolewa kutoka utumwani, na kutokana nao ikaanza familia ya watu wasio na ukoo. Mmoja wao, John Swedi, baadaye akawa shemasi. Mbweni palijengwa kijiji chao. Bagamoyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza chao mwaka 1868. Mombasa, Frere Town ilianzishwa katika miaka ya 1874 na 1875, na kengele yake ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Waliokombolewa walipewa nyumba, shule, majina mapya, hata wachumba. Lakini baba huyo alikuwa na fimbo. Mwaka 1881 msimamizi wa Frere Town, William Streeter, alichunguzwa na wakubwa wake kwa sababu ya ukatili na mapigo aliyowapa wakazi. Walikuwa wameokoka na mijeledi ya majahazi wakaikuta ya misheni. Historia ya kanisa kama jamaa wa mgeni ina kurasa za namna hiyo, na anayeificha hafanyi hisani kwa mtu.

Baada ya Uhuru walikuja wageni wa aina nyingine, wakimbizi. Mwaka 1964 Walutheri wa dunia, wakishirikiana na Serikali yetu na Umoja wa Mataifa, waliunda shirika la TCRS lililowahudumia Wanyarwanda, kisha watu wa Msumbiji, kisha Warundi wa mwaka 1972 katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nchi hii ilifanya jambo ambalo nchi tajiri nyingi hazijathubutu: mwaka 1980 iliwapa uraia Wanyarwanda zaidi ya 30,000, na mwaka 2014 ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia Warundi wale wa 1972, ambao jumla yao ilikuwa wapatao 162,000. Serikali ndiyo yenye kutoa uraia, na shirika ndilo lenye kutoa mahindi. Lakini hakuna ofisi inayogawa shangazi. Ndiyo maana hata Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, imejaa makanisa na kwaya. Na Wakongo waliohamishwa kutoka huko kwenda Marekani wamekwenda na Kiswahili cha ibada, wakakusanyika upya chini ya baridi.

Turudi Mabawa. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba kanisa lijengwe kwa jumuiya ndogo ndogo, yaani nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kila juma. Msomaji wa gazeti la Chama atatambua umbo hilo mara moja, kwani mabalozi wa nyumba kumi walikuwa wameanza zaidi ya miaka kumi kabla. Walutheri na Waanglikana nao wana jumuiya zao. Uzuri wake hauko katika sala peke yake. Uko katika zamu. Jumuiya hukutana leo kwa fulani, juma lijalo kwa mwingine, na zamu haimruki mpangaji wa chumba kimoja. Mtu ambaye tangu afike mjini hakuwahi kupata mgeni hulazimika kufagia, kuazima mkeka na viti kwa majirani, kutandika kitanda vizuri kwa sababu wawili au watatu watakikalia. Watu kumi na wanne wanaingia katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Wanaona godoro, wanaona jiko, wanaona kwamba mtoto anakohoa. Hakuna afisa wa ustawi wa jamii awezaye kupata habari hizo kwa kuuliza maswali.

Na asipoonekana majuma mawili, mtu hutumwa kumtazama. Hapo ndipo ninapoiona faida kubwa kuliko zote. Yule mpangaji wa chumba cha tatu asingelala siku mbili bila kujulikana kama angekuwa na zamu ya Alhamisi.

Niseme neno pia juu ya mabinti wa kazi za ndani, wengi wao kutoka milima ya Usambara, ambao huishi katika nyumba za watu bila kuwa na kwao humo. Kwa wengi, ruhusa yao ni saa chache za Jumapili. Kwaya huwapa sare inayofanana na ya mwenzao mwenye kazi ya ofisini, na huwapa akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki kilichoanzishwa mwaka 1972, au akina mama wa makanisa mengine, wanaoweza kwenda kumwuliza mwajiri kwa upole kwa nini mshahara wa miezi mitatu haujatoka. Mwajiri humwogopa shangazi huyo kuliko barua. Mama mwenye nyumba amnyimaye binti ruhusa ya kwenda kwenye mazoezi ya kwaya na ajue anamnyima ndugu.

Sasa nifike penye kidonda. Katika miji yetu malalamiko haya yanasikika kila mahali: mtu amefariki, watu wamekwenda kwa padre au mchungaji, na swali la kwanza walilokutana nalo ni, "Alikuwa akisali jumuiya ipi?" La pili ni la daftari: alilipa mchango wa mwaka? Zaka? Mchango wa jengo? Asipokutwa humo, mazishi hufanywa kwa sala fupi ya katekista, au hayafanywi na kanisa kabisa. Viongozi wanayo hoja yao, nami sitaidharau. Wapo watu ambao miaka ishirini hawakukanyaga jumuiya, hawakumzika mtu, hawakumtembelea mgonjwa, halafu ndugu zao wanadai misa kubwa na kwaya tatu. Wanajumuiya wanaochanga kila mwezi huona wanachezewa.

Lakini hoja hiyo inamfaa mwenyeji aliyekataa kwa makusudi. Haimfai mgeni. Anayekosa daftarini mara nyingi si mkaidi. Ni mlinzi wa usiku anayelala saa ambayo wenzake wanasali, ni mzee asiye na shilingi ya mchango akaona haya kufika mikono mitupu, ni mwanamke anayeishi na mwanamume asiyetaka kufunga ndoa, naye anaogopa macho ya watu. Aibu ndiyo iliyowaondoa. Wala sheria haimsaidii kiongozi anayewafungia mlango. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inawataja wanaonyimwa mazishi ya kanisa: walioiasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa moto kwa chuki ya imani, na wakosefu wa hadharani ambao mazishi yao yangewakwaza waumini, nao ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya kutubu. Haimtaji mtu aliyechelewa mchango. Kadi ya jumuiya ikiwa ndiyo inayoamua nani azikwe, basi mgeni wetu amerudishwa kwenye kipande: siku isiyowekwa alama haihesabiwi. Waislamu wa Ngamiani, wanaotutazama tukibishana mbele ya jeneza, wana haki ya kutushangaa.

Kuna jambo jingine ambalo kanisa haliwezi, na lisijaribu. Haliwezi kurithi. Mgeni akifa, ndugu ambao hawakupatikana alipougua hupatikana haraka kwa ajili ya kitanda, baiskeli na kiwanja. Jumuiya ikishika mali hiyo, hata kwa nia njema, itaitwa mwizi. Ikiiachia ovyo, mjane atabaki sakafuni. Kilicho salama ni kuandika orodha ya vitu siku ile ile ya msiba, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mwenye nyumba na mmoja wa wanajumuiya, kila mmoja akabaki na nakala, na mjane akaelekezwa mahakamani kwa ajili ya usimamizi wa mirathi. Mwanajumuiya ni shahidi mzuri. Si mrithi.

Kwa msomaji aliye mgeni katika mji huu, ya kufanya juma hili si mengi. Andika karatasi moja yenye jina lako kamili, kijiji na wilaya ya kwenu, parokia au usharika uliobatizwa, na majina ya ndugu wawili na namba zao za simu. Mpe mwenye nyumba nakala moja na mwenyekiti wa jumuiya nakala nyingine. Asiye Mkristo ampe imamu wake au balozi. Uliyezaliwa kambini na huna cheti, nenda katika parokia inayohudumia eneo la shamba lile ukiwa na jina la baba, la mama na mwaka wa kukisia, na umwombe katibu akufunulie vitabu vya zamani. Uwe na subira naye. Majina ya Kirundi na Kimakonde yaliandikwa na mapadre wa Kizungu kwa kadiri walivyoyasikia, na huenda ukajikuta umeandikwa kwa herufi ambazo mama yako asingezitambua.